Boriti ya Nyumba Mbili

Komora alikuwa ameshalegeza bati la kwanza pale Darmi alipotoka nje na shoka. Hakuliinua. Alilishika tu vile mwanamke anavyolishika akienda kuni, bapa likimgusa paja, akasimama kizingitini pake na kutazama juu.

"Shuka," alisema.

Mwanaarusi, mke wa Komora, alikuwa chini ameshikilia ngazi. Tangu alfajiri alikuwa akijiambia kwamba leo, inshallah, shida ya paa hili inakwisha, na sasa anayeizuia ni huyu jirani wa ukuta mmoja, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumtarajia jema.

"Mama Diba, kuna nini tena?" Komora aliuliza kutoka juu ya bati. "Mzee wako alikubali mkutanoni. Kijiji kizima kilimsikia."

"Godana alikubali," Darmi alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini alikisema polepole na kila neno likakaa mahali pake. "Mimi hapana kubali. Shuka kwa nyumba yangu."

Komora alimtazama mkewe. Mkewe alilitazama shoka. Na nyuma yao, kwenye mlango wa pili, mtoto wao Rayyan, aliyekuwa na miaka sita na kifua cha bibi kizee, alikohoa.

Ili mtu aelewe kwa nini kikohozi kile kilimfanya Mwanaarusi atake kuliparamia shoka kwa mikono mitupu, lazima kwanza azijue nyumba za Laini Mpya. Mafuriko ya El Niño yalipozoa mashamba na mifugo ya pande zote mbili za Tana, shirika moja la misaada lilipima mwinuko nje kidogo ya Garsen, likapanga nyumba za matofali ya saruji na mabati kwa mistari iliyonyooka. Watu waliotoka kwenye mahema walizifurahia mpaka jua la kaskazi lilipowaka. Adhuhuri bati lilikuwa likipasua mlio, ta! ta!, na ndani ungeiva bila sufuria. Tena nyumba zenyewe zilikuwa pacha: mbili ubavu kwa ubavu, ukuta mmoja katikati, paa moja, na boriti moja ndefu ya juu iliyopita zote mbili. Waliozichora, huko walikozichorea, waliweka Mpokomo mkulima upande huu na Muorma mfugaji upande ule, wakitumaini kwamba watu wanaolala chini ya bati moja hawatapigana. Wenyewe hawakuulizwa. Na ule ukuta wa katikati haukufika juu. Saruji iliisha, au subira iliisha, pakabaki uwazi wa mkono mmoja chini ya bati.

Uwazi huo ndio uliokuwa ukimla Mwanaarusi roho. Rayyan alikuwa na pumu. Kule Wenje alikozaliwa, katika nyumba ya udongo na makuti, ilimjia mara mojamoja na kupita. Hapa ilimjia karibu kila jioni. Mama yake alihamishia mafiga nje, akapikia vumbini, akala uji wenye mchanga. Haikusaidia, kwa sababu moshi ulitoka kwa Darmi, na moshi wa Darmi haukuwa wa chakula. Ulikuwa wa vibuyu vya maziwa. Mwanamke wa Kiorma hukifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto cha mti anaoujua yeye, akakitikisa mpaka kinukie na maziwa yadumu. Kazi hiyo haifanywi nje mbele ya upepo na macho ya wapita njia. Hufanywa ndani, na mwenyewe. Basi kila jioni moshi ulipanda, ukagonga bati, ukavuka ukuta, ukamshukia mtoto.

Mara ya kwanza Mwanaarusi alisema kwa upole, kupitia ukutani. Mara ya pili aligonga ukuta kwa mwiko. Darmi naye akagonga. Hapo ndipo ujirani wao ulipofikia, maana baina yao palikuwa pia na mahindi. Msimu uliopita ng'ombe wa Godana, mume wa Darmi, waliingia shamba la Mwanaarusi kule mtoni wakalilaza lote. Wazee walikaa, wakasuluhisha, watu wakapeana mikono. Midomo ilisuluhishwa, mioyo haikuitwa barazani.

Kisha lile shirika likarudi. Lilimtuma Issack, kijana wa Hola mwenye pikipiki na maneno mazuri, akawaita watu kwenye kivuli cha darasa la shule. Alisema paa zitainuliwa mkono mmoja, yaachwe matundu ya kutoa joto na moshi. Juu ya mabati yatalazwa makuti. Ukuta wa katikati utafungwa mpaka juu, na kila nyumba itapata jiko la udongo lenye bomba, linalokula nusu ya kuni za mafiga. Akaongeza kwamba wataalamu wanasema moshi na ukataji wa misitu unaipasha dunia nzima joto.

"Yaani dunia inaungua kwa uji wa mke wangu?" Komora aliuliza, watu wakaangua kicheko. Lakini wanawake walicheka kidogo. Msitu wa mto ulikuwa ukirudi nyuma kila mwaka, na kutafuta kuni sasa kulikula asubuhi nzima.

Issack alisisitiza jambo moja. Safari hii shirika halitarudia kosa la kuwajengea watu bila kuwauliza. Kila mwenye nyumba akubali kwa mdomo wake, asuke makuti yake, na afanye kazi kwenye paa lake. Akikataa, hakuna atakayegusa msumari. Wanaume wakasimama mmoja mmoja. Godana alipofikiwa alisema, "Hizi nyumba ni za shirika. Mwenye mali akitaka kutengeneza mali yake, mimi nitakataa kama nani?" Watu wakampigia makofi. Maneno yale hakuna aliyeyachunguza. Baada ya siku chache Godana alishuka na ng'ombe kuelekea malisho ya chini, karibu na bahari, na mkewe akabaki na mbuzi, punda na ng'ombe wachache wa maziwa.

Mwanaarusi alisuka makuti mpaka vidole vikachubuka. Alisuka ya kwake, na Darmi alipoonekana hasuki, akasuka na ya Darmi, kwa sababu boriti ni moja. Huwezi kuinua upande mmoja wa boriti ukauacha mwingine.

Na sasa Darmi anasema shuka.

Issack alifika mbio, pikipiki ikatimua vumbi. "Mama, mzee alikubali," alisema. Darmi alibadilisha mkono wa shoka. Wanawake wa Kiorma wa mstari wa nyuma walikuwa wameanza kusogea, na nyuma yao vijana wenye fimbo. Upande huu Wapokomo waliokuwa wakichanganya saruji waliacha koleo zao, wengine hawakuziacha.

"Bwana Issack, mwambie," Mwanaarusi alisema. "Mwambie lori linaondoka."

"Mama, kesho adhuhuri lori linavuka ng'ambo na mafundi wote na mbao zote. Mvua ikinyesha, hiyo barabara ya udongo mweusi imekwisha, hatuwezi kurudi. Nyumba zenu ndizo za mwisho." Alisema hivyo huku akitazama kusini, ambako mawingu yalikuwa yameanza kupandana. "Lakini siwezi kugusa paa la mtu aliyekataa. Nilisema mwenyewe mbele ya watu."

"Aliyekataa anataka mwanangu afe!" Mwanaarusi alifoka. Ngazi aliiachia, Komora akayumba huko juu. "Unaniadhibu kwa nini, Mama Diba? Ng'ombe wenu wamekula mahindi yangu, nimenyamaza. Sasa unamuua mtoto kwa maziwa yako ya moshi. Maziwa yako yamelaaniwa, unasikia? Yamelaaniwa!"

Mtu hulitukana jina la Muorma na akasamehewa kabla ya jua kuchwa. Maziwa ni mambo mengine. Kijana mmoja alipiga hatua mbele, na fundi mmoja akainua koleo. Darmi mwenyewe aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Lilikuwa jambo dogo, lakini liliwaokoa wote, kwa kuwa watu hawawezi kupigana vizuri mbele ya mlango uliofungwa. Komora alishuka ngazi akiirudisha nyundo mfukoni. Issack aliwatawanya watu kwa kuwasihi.

Siku hiyo nzima bati lililia. Mwanaarusi hakutoka. Alikaa na hasira yake kama mgeni asiyetaka kuondoka, akaipikia, akailisha, na kila alipotaka kujuta kwa lile neno la maziwa alimtazama Rayyan akasema moyoni, na afanye atakalo.

Jua lilipoinama, moshi ulivuka ukuta.

Rayyan alianza kwa kukohoa, kisha pumzi ikapiga filimbi, kisha hata filimbi ikapungua. Hilo ndilo lililomtisha mama yake. Mbavu za mtoto zilikuwa zikizama kila alipovuta, na midomo ilianza kugeuka rangi. Vidonge vya zahanati vilikuwa vimekwisha. Komora alikuwa kwa Issack, akijaribu kuomba siku moja zaidi. Mwanaarusi alimtoa mtoto nje. Upepo ulikuwa umekufa na vumbi la ng'ombe wanaorudi limetanda. Akili zikamruka. Alimbeba mwanawe mikononi, akausukuma mlango wa Darmi kwa bega, bila hodi, bila salamu.

Alikuwa amejiandaa kupiga kelele.

Hakuona chumba. Aliona nyumba. Ndani ya zile kuta za saruji ilikuwa imesimama nyumba nzima ya Kiorma, ya mviringo, fito zimepindwa zikakutana juu, mikeka imepangwa juu ya fito safu kwa safu, na mlango wake mdogo umefunikwa kwa ngozi. Sakafu ya saruji haichimbiki, kwa hiyo fito hazikuwa na pa kusimikwa. Darmi alikuwa amezifunga kwa juu, kwa kamba za ngozi, kwenye boriti. Ile ile. Moshi ulikuwa ukitoka kileleni mwa mikeka, taratibu, moja kwa moja hadi penye bati.

Mwaka mzima walikuwa wakigongeana ukuta, na Mwanaarusi hakuwahi kujua. Komora alipima paa kwa nje. Issack hakuvuka kizingiti, kwa heshima, mume hayupo. Hakuna aliyeingia.

Ngozi ilisukumwa, Darmi akatoka ameinama, kibuyu mkononi. Alimwona mwanamke aliyemtukania maziwa amesimama nyumbani kwake. Kisha akamwona mtoto. Akaweka kibuyu chini. Aliingia tena, na Mwanaarusi akasikia moto ukizimwa kwa mchanga, kishindo kwa kishindo. Kisha mkono ukatoka ukamvuta, wakaingia wote watatu. Darmi aling'oa mikeka miwili ya upande wa dirisha, ile iliyokuwa imefungwa kwa ustadi mkubwa, akaitupa. Hewa ikaingia. Akamkalisha Rayyan wima, kifua mbele, mikono ya mtoto imeegemea mapaja yake, akawa anamsugua katikati ya mabega kwa kiganja.

"Usilaze," alisema. "Ndama pia iko hivi. Ukilaza inakufa. Hivi, hivi."

Mwanaarusi alikuwa akilia na hakuwa na habari kwamba analia. Nje adhana iliadhiniwa ikaisha. Filimbi ikarudi kifuani mwa mtoto, na mama yake hajawahi kusikia sauti tamu kama ile. Kisha pumzi zikarefuka. Rayyan akafumbua macho, akaitazama dari ya fito.

"Mama, nyumba hii ina nyumba," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Darmi nusura acheke. Alijizuia.

"Mbona hukusema?" Mwanaarusi aliuliza, akionyesha zile kamba za juu. "Mbona hukusema asubuhi kwamba boriti ikiinuliwa hii itapasuka?"

"Nani aliuliza?"

"Mzee Godana alisema..."

"Godana iko na ng'ombe. Ng'ombe uliza Godana. Nyumba ni ya mama." Aliupapasa ufito mmoja mweusi kwa moshi wa miaka. "Hii alinipa mama yangu siku ya arusi. Ile maji ilikuja, mimi niliacha sufuria, niliacha nguo, nikabeba hii. Godana hapana jenga hata kidole moja."

Kwao Mwanaarusi, mwanamume hukata miti, hujenga, humaliza, kisha humkabidhi mke nyumba. Neno la mwanamume juu ya paa linatosha. Halikuwahi kumpitia akilini kwamba hapo jirani, kwa upande wa pili wa tofali, neno hilo halina kazi.

"Basi ifungue tu, Mama Diba. Siku moja. Paa likishainuka unairudisha."

"Godana hayuko. Safari hakuna. Nyumba ya mke inafunguliwa bure?" Darmi alitikisa kichwa. "Kesho watu watauliza: Darmi amekufa, ama ameachwa?"

Palikuwa na mengi ya kusema, la maziwa likiwa la kwanza. Mwanaarusi hakulisema. Alimbeba mwanawe, akasema ahsante, akatoka, akajichukia.

Komora alirudi baada ya isha. Issack hakuwa na siku ya kuongeza.

"Ana nyumba mle ndani," Mwanaarusi alimwambia.

"Nani asiye na nyumba ndani?"

"Komora, nasema nyumba. Ina mlango."

Alimweleza. Komora alikuna kichwa, akasema atazilegeza zile kamba kwa mikono yake, taratibu, mwanamke hata hatajua. Mwanaarusi alimtazama kwa namna iliyomfanya mumewe ageukie ukutani na kujifanya amelala.

Kulipopambazuka lori lilikuwa linapakiwa. Mawingu yalikuwa yamesogea, mazito, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua ya mbali. Mwanaarusi alijitanda leso safi, akaenda kusimama mbele ya mlango wa Darmi, ambao ungeweza kusukumwa kwa bega.

"Hodi," alisema.

Alisikia mtu akitembea ndani.

"Hodi."

Mbuzi alilia. Kwa upande wa lori mbao ziliangushwa, dereva akamtukana mtu. Hodi tatu ndiyo mwisho. Mtu asipojibiwa ya tatu huondoka zake, na haruhusiwi kukasirika. Mwanaarusi aliingoja pumzi yake itulie. Aliogopa kuitoa hodi ya tatu, kwa kuwa ikishatoka haina nyingine nyuma yake.

"Hodi, Mama Diba."

"Nani?" Darmi alijua fika.

"Mama Rayyan. Nimekuja kukuuliza."

"Uliza hapo."

Haya, akauliza hapo hapo, kwa mlango uliofungwa, na watu wa mstari wa nyuma wakisikia. Alisema anaomba paa liinuliwe. Alisema nyumba ya ndani haitaguswa na mkono wowote usiotakiwa na mwenyewe, hata wa Komora, hata wa shirika. Akasema, "Na lile neno la maziwa nililisema mimi na nililikosea mimi. Nisamehe. Sasa niambie, unataka iwe vipi?"

"Nyumba inafunguliwa kwa safari," sauti ilisema ndani. "Ikifunguliwa, lazima iende. Ikienda, lazima ifike. Isimame pahali ingine leo, kabla jua inakufa, ndani ya udongo. Udongo iko wapi?"

Mwanaarusi aligeuka kutazama, ingawa hakuhitaji. Laini Mpya yote ilikuwa kokoto iliyoshindiliwa kwa tingatinga. Jembe lilirudi na cheche. Palikuwa na udongo uliolimwa na kulainika mahali pamoja tu, nao ulikuwa nyuma ya jiko lake: kile kibustani alichokijaza tope la mto karai kwa karai, akakizungushia miiba kuwazuia mbuzi wa Darmi, akakimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni kiangazi chote. Mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Wiki chache tu, Rayyan angekula mahindi ya kuchoma. Baada ya shamba lile la mtoni, hayo ndiyo yalikuwa mahindi yake yote duniani.

Moyo ulimuuma, na sitasema haukumuuma. Alisimama hapo akamkumbuka kila ng'ombe wa Godana kwa rangi yake.

"Uko nyuma ya jiko langu," alisema.

Mlango ulifunguka. Darmi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waamuliwe na wazee.

"Hapo kuna mahindi."

"Nayaona."

"Yametoa ndevu."

"Mama Diba, usinihesabie. Twende kabla sijabadili nia."

Aliyang'oa mwenyewe. Komora alikuja na panga kumsaidia, akamfukuza. Aling'oa kwa mikono miwili, shina kwa shina, na kila shina lilitoka na mlio wa mizizi. Majani na vigunzi vichanga akavibeba kwa mafungu akawatupia mbuzi wa Darmi. Mwaka jana walijihudumia ng'ombe. Safari hii aliwaandalia yeye. Mbuzi walikula bila aibu yoyote.

Ndani, Darmi alikuwa amepanda juu ya gogo. Fundo la kwanza alilifungua yeye, huku midomo ikisoma. Kisha Bibi Batula, mkubwa wa wanawake wa Kiorma, akaingia na wenzake wa mstari wa nyuma, na nyumba ikashuka kutoka kwenye boriti kipande kwa kipande, fito fungu moja, mikeka fungu lake. Ilipakiwa juu ya punda. Issack alishusha pumzi, akawaashiria mafundi wapande.

"Bado," Darmi alisema. "Safari kwanza."

Kutoka mlango ule mpaka kibustani ni umbali wa mtu kurusha jiwe. Lakini safari ni safari. Punda alizungushwa Laini Mpya yote, mstari kwa mstari, nyuma yake wanawake, na katikati ya Waorma wale Mpokomo mmoja, Mwanaarusi, amejitwika mkeka wa kilele kichwani, mzito, mweusi, unaonuka moshi ule ule aliokuwa akiuapiza. Kila mlangoni Darmi alisimama kuaga. Watu walimuuliza anahamia wapi, akajibu kwa upole, wakamtakia heri. Dereva wa lori alipiga honi. Alipiga tena, ndefu. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye bati, likafuka.

"Bwana Issack, naondoka!" dereva alipaza sauti. "Mimi sitalala matopeni kwa ajili ya punda!"

Issack alimtazama punda, akatazama mawingu, akaenda kuchomoa ufunguo wa lori akautia mfukoni. Alikuwa ametoka jasho mpaka kofiani.

Punda alipofika kibustanini na ufito wa kwanza ukazama udongoni, Darmi alimgeukia Komora aliyekuwa amekaa juu ya ukuta na nyundo akingoja.

"Sasa inua," alisema.

Boriti ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Mafundi hawakutosha. Wale vijana wa fimbo wa jana walikuwa wamesimama pembeni wakitazama, na Bibi Batula aliwaambia neno moja la Kiorma, kali, lililowafanya watupe fimbo na kushika mwisho mwingine. Wapokomo huku, Waorma kule, boriti ikapanda huku kila upande ukiulaumu mwingine kwamba hauinui. Ilipokalia matofali mapya, mvua ndogo ilikuwa imeshaanza, na Issack akamrudishia dereva ufunguo wake. Fundi mmoja alibaki kumsaidia Komora. Makuti waliyamalizia siku zilizofuata, na ukuta wa katikati ukapanda mpaka ukagusa juu.

Godana alirudi mvua zilipokatika. Alikuta mkewe hayupo mlangoni, akazunguka, akakuta nyumba yake imesimama katikati ya matuta yaliyokuwa ya mahindi, inafuka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hapana mtu. Tumehama."

"Kutoka wapi?"

Darmi alionyesha kwa kidevu, hapo karibu. Godana aliangalia, akafikiri, akaomba maziwa.

Na kwa kuwa nyumba iliyosimikwa udongoni haing'olewi mpaka safari nyingine ipatikane, Darmi alikaa pale msimu mzima, na katika chumba chake cha saruji, chenye paa la juu na ubaridi wa kupendeza, akalalisha ndama. Issack aliporudi kukagua alisimama mbele ya ndama wale muda mrefu. Mwanaarusi alimwambia asijali, mradi mwenye nyumba ameridhika.

Jioni moja Mwanaarusi alikuwa ameketi ukutani na Rayyan, chini ya makuti mapya. Kwa mazoea alitega sikio, akangoja. Moshi wa vibuyu ulikuwa ukipanda nyuma ya jiko, unakwenda zake juu. Mtoto alikuwa akichezea kigunzi kikavu alichookota kwa mbuzi. Mara akakumbuka.

"Mama, yale mahindi yetu, si uliniambia tutachoma? Yako wapi?"

Mwanaarusi aliweka kiganja juu ya kile kifua kidogo. Kilipanda, kikashuka, hakina kelele.

"Ndiyo hayo unayoyapumua," alisema.